Baada ya Kuugua kwa Muda Mfupi

Saa sita na robo mchana Kamaludin alikuwa amesimama mbele ya dirisha la mapokezi la Redio Mizani, kofia imelowa jasho, akimtazama msichana anavyoipitia karatasi ya tanzia ya nduguye kwa kalamu nyekundu. Nduguye alikuwa nyumbani Kibokoni, amekwisha oshwa na kukafiniwa. Maziko yalikuwa baada ya Alasiri. Na katika mji huu, maiti asiyetangazwa na Mizani baada ya taarifa ya habari ya saa saba huenda kaburini na watu kumi na wawili, nusu yao majirani waliokosa udhuru.

"Hapa mmeandika 'ameangukiwa na magunia akiwa kazini, godauni la Shimanzi,'" alisema msichana. Jina lake, Stacy, lilikuwa limebandikwa kifuani. "Hilo halisomwi hewani, mzee."

"Kwa nini lisisomwe? Ndivyo alivyokufa."

"Kwenye tanzia hatutaji mambo ya makampuni. Tunasema 'baada ya kuugua kwa muda mfupi.' Ndio utaratibu wa kituo."

"Lakini hakuugua, mwanangu. Asubuhi ametoka nyumbani kwa miguu yake."

"Basi msubiri meneja. Ameenda kula. Saa nane atakuwa amerudi."

Saa nane! Saa nane watu wamelala na redio inapiga taarabu. Kamaludin alikuwa fundi wa kanzu pale Ndia Kuu, mtu wa heshima zake, na maisha yake yote alikuwa amehudhuria maziko ya wenzake na kupima kwa macho urefu wa safu nyuma ya jeneza. Alijua maneno yanayosemwa barazani juu ya marehemu aliyesindikizwa na watu wachache. Akaitazama saa ya ukutani, akaitazama kalamu nyekundu.

"Haya, andika utakavyo," alisema. "Ila majina yasikosewe."

Akalipa, akatia sahihi, akapewa risiti. Hakujiuliza godauni la Shimanzi ni la nani na redio ni ya nani. Mji mzima unajua kwamba vyote viwili ni vya Bwana Saif, ambaye miaka miwili iliyopita aliinunua Mizani pamoja na meza zake, viti vyake na imani ya watu. Kamaludin naye alikuwa akijua. Lakini alikuwa na haraka.

* * *

Nyumbani, orofa ya pili, wanawake walikuwa wamejaa mkekani. Redio ya Bi Swabaha, mamake marehemu, ilikuwa dirishani mahali pake, na hata siku ya msiba hakuna aliyethubutu kuizima. Bibi huyu alikuwa na neno moja la kukatia ubishi: "Mizani imesema?" Bei ya unga ipande, mwezi uandame, daraja lifungwe, kama Mizani haijasema, basi halijatokea. Na asimcheke mtu. Mtaa mzima ulikuwa hivyo hivyo. Wasomi walikuwa hivyo. Vijana wenye simu mbili mbili, waliojidai hawadanganyiki, nao walipopata habari ya kutisha kwenye simu waliwapigia mama zao kuuliza Mizani imesemaje.

Saa saba na dakika kumi sauti nzito ilisoma, polepole, kama inavyosoma siku zote:

"Tanzia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tunasikitika kutangaza kifo cha Fahmi bin Abud bin Mbarak, mwana wa Bi Swabaha binti Omar, mume wa Maisara, nduguye Kamaludin fundi wa kanzu wa Ndia Kuu, kilichotokea leo asubuhi baada ya kuugua kwa muda mfupi. Maziko ni baada ya swala ya Alasiri, makaburi ya Kikowani."

Maisara, mjane, aliinua kichwa. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Kuugua? Nani aliyeugua?"

"Nyamaza nisikie," alisema Bi Swabaha huku machozi yakimtiririka. "Umesikia, Maisara? Wamemtaja na Mbarak. Babuye! Mji mzima umesikia."

"Mama, wamesema aliugua."

"Wamemtaja na Mbarak," bibi alirudia, na wanawake wakamwambia ni kweli, wamemtaja.

Watu walifurika. Safu ilianza Kibokoni na mkia wake ukapotea nyuma ya kona. Bwana Saif mwenyewe alifika na kanzu nyeupe pee, akashika mti wa jeneza hatua saba, akapigwa picha hatua zote saba. Tena alikuwa amesaidia sana, watu walisema. Meneja wake wa godauni ndiye aliyehangaika asubuhi, akapata karatasi ya ruhusa ya kuzika kwa muda wa saa moja, jambo ambalo watu wengine hulihangaikia kutwa nzima. Kwenye sehemu ya sababu ya kifo palikuwa pameandikwa: moyo kusimama. Hakuna aliyeisoma, na hata mtu angeisoma angeona ni sawa. Moyo wa maiti gani umewahi kuendelea?

Hakuna aliyezungumzia kumpasua marehemu kuchunguza. Nani ampasue maiti wa Kiislamu wakati kaburi limekwisha chimbwa? Bwana Saif alilijua hilo vizuri kuliko sheikh yeyote.

Kamaludin alirudi kutoka makaburini akiwa mchovu na, Mungu amsamehe, akiwa na furaha kidogo. "Hata mzee wetu Abud hakuzikwa na watu kama wale," alimwambia mamake.

* * *

Siku ya tatu ilisomwa khitma. Magunia manne ya mchele na mbuzi wawili vilitoka kwa Bwana Saif, na kwa kuwa vilitoka kwake vilikuwa vitamu zaidi. Maisara alikuwa ameingia eda. Miezi minne na siku kumi hatatoka nje, ataketi chumbani na nguo zake zisizo na rangi, na kila mwenye ulimi ataweza kuja kumkuta hapo hapo.

"Alikuwa na sukari?" aliuliza mwanamke mmoja wa Kuze, akijipangusa mchuzi.

"Hapana."

"Presha?"

"Hakuwa na chochote. Aliangukiwa na magunia ya sukari. Yalipangwa mpaka karibu na dari. Alisema mwenyewe nyumbani kwamba siku moja yataua mtu."

"Lakini redio yasema aliugua."

"Nami nakwambia hakuugua."

"Haya, mwanangu. Mungu akupe subira," alisema yule mwanamke, kwa sauti ile anayosemeshwa nayo mgonjwa wa homa. Akamgeukia mwenzake, na wala hakujisumbua kunong'ona. "Msiba huzuga. Mume yuaugua ndani, mke hana habari."

Kufikia jioni habari ilikuwa imekua. Fahmi alikuwa akiumwa wiki nzima, akaomba apumzike, mkewe akamsukuma kazini kwa sababu alitaka makochi mapya. Makochi! Nyumba ile ilikuwa na mkeka, kitanda na cherehani mbovu. Lakini mtu aliyekwisha kula pilau ya watu huhitaji cha kuwalipa, na uongo ni rahisi kuliko kuosha vyombo. Binti mdogo wa Maisara alirudi kutoka chini akauliza, "Mama, ulimtuma baba na homa?" Maisara hakulia. Alikwenda kumsimamia mama mkwe wake mlangoni.

"Mama, waambie. Wewe ulikuwapo asubuhi ile. Waambie hakuwa mgonjwa."

Bi Swabaha alikuwa amekaa kitandani, tasbihi mkononi. "Niwaambie nini? Niende kubishana na redio?"

* * *

Siku ya tano alikuja Kazungu, kuli wa Majengo aliyefanya kazi na Fahmi miaka sita. Alipiga hodi, akavua viatu chini kabisa ya ngazi, akapanda. Maisara alikaa nyuma ya pazia la mlango wa chumba, Bi Swabaha mbele ya pazia, na Kamaludin akakaa kwenye kiti akiitazama sakafu.

"Poleni sana kwa msiba," alisema Kazungu. "Sikuweza kuja mapema. Msimamizi alituambia mwenye kuzungumza asirudi. Mimi sikuzungumza, na tangu juzi sijaitwa kazini hata hivyo. Basi nimeona bora nizungumze."

"Sema, kaka," ilitoka sauti nyuma ya pazia.

"Fahmi alikuwa amesimama chini ya rundo, anahesabu mzigo unaoingia. Tulimwambia msimamizi rundo limeinama. Akasema meli haingoji. Likaja lote. Mimi ndiye niliyeyaondoa magunia juu yake, mimi na wenzangu watatu. Na hii hapa." Akatoa simu yake, kioo kimepasuka pembeni. "Mmoja wetu alipiga picha."

Ilikuwa video ya dakika moja kasoro. Vumbi jeupe, watu wakipiga kelele "Fahmi! Fahmi!", mlima wa magunia, na chini yake miguu miwili yenye ndara za buluu. Kamaludin aliitazama mara moja, akaufunika uso kwa viganja. Kazungu akamsogezea bibi simu kwa mikono miwili.

Bi Swabaha alitazama mpaka mwisho. Akairudisha.

"Ndara kama hizo zauzwa Marikiti nzima," alisema.

"Mama, ni yeye. Wanamwita kwa jina."

"Siku hizi picha za simu zatengenezwa. Mtu aliyekufa afanywa anaimba. Mizani wenyewe walituonya: musiamini munayoyaona kwenye simu, tegeni sikio Mizani."

"Mama, hii haikutengenezwa. Mimi nilikuwa pale. Ni mimi niliyemtoa."

"Nawe ni nani?"

"Kazungu, mama. Kazungu wa godauni."

"Umewahi kusema wapi, Kazungu, mji ukakusikia?"

Kuli yule, ambaye alikuwa amepoteza kazi kwa ajili ya mwanawe bibi huyu, alifikiri kidogo akajibu kwa adabu kwamba hajawahi kusema popote. Bi Swabaha akaitika kwa kichwa, kesi imekwisha.

Hapo ndipo Kamaludin alipotoboa siri. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, ni mimi. Karatasi uliyoandika wewe, shemeji, ilikuwa sawa. Waliikata mbele yangu, nikanyamaza. Nilichelea saa itapita, azikwe kama paka."



"Uliuza kufa kwake upate watu wa kumzika," alisema Maisara. "Wamekuja, umewahesabu. Sasa nenda kwa huyo mwenye redio, useme isahihishwe. Mimi siwezi kutoka, wewe waweza."

* * *

Bwana Saif alimpokea Kamaludin ofisini mwake kwa kahawa na halwa. Hakumkawiza hata dakika tano. Matajiri wa aina hii hawakawizi watu. Huwakaribisha mpaka waone haya.

"Ndugu yangu Kamaludin, kaa. Mama hajambo? Mchele ulitosha?"

"Ulitosha, tajiri. Tunashukuru. Nimekuja kwa lile tangazo."

"Tangazo zuri. Nililisikia mwenyewe."

"Lilisema aliugua."

Bwana Saif alishusha kikombe, uso umejaa huzuni safi kabisa. "Sasa hapo wanionea. Mimi nauza sukari. Redio sikai nayo, wala sijui kinachosomwa. Ina mhariri wake."

"Basi mwambie mhariri asahihishe. Neno moja tu, tajiri. Kazini."

"Nimwambie? Mimi?" Alishtuka kama mtu aliyeombwa kuiba. "Nikimwamrisha mhariri aseme hili asiseme lile, kesho watu watasema Saif ameinunua redio ili aiendeshe kwa kamba. Uhuru wa habari, Kamaludin! Sisi tulio na mali ndio tunaopaswa kuuheshimu zaidi."

Kamaludin alitafuta jibu. Lilikuwapo, lilikuwa kubwa kama nyumba, na fundi wa kanzu alilizunguka bila kupata mlango wake. Alikula kipande cha halwa ili apate la kufanya.

"Hebu niambie," alisema Bwana Saif, akiegemea nyuma. "Bado washona kwa mkono kola? Mashine hizi zinatuharibia. Wafanyakazi wangu wote nataka niwavishe kanzu Idi hii. Watu arobaini. Anza na mimi."

Akasimama, akanyanyua mikono. Kamaludin naye akasimama. Hakuamua kusimama, na baadaye hakukumbuka ni saa ngapi alitoa utepe mfukoni. Alipima mabega, akapima kifua, akapiga goti moja sakafuni kupima urefu mpaka kwenye kifundo cha mguu. Alipofika nyumbani alimwambia Maisara kwamba tajiri hana mkono katika mambo ya redio, na kwamba alionekana kuhuzunika sana. La kanzu arobaini hakulisema. Maisara alilijua baada ya siku mbili, majora ya kitambaa cheupe yalipopandishwa ngazi.

* * *

Maisara hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma, basi alijituma mwenyewe kwa kalamu. Aliandika barua kwa ofisi ya kazi, akampa Kazungu aipeleke. Baada ya wiki mbili alikuja afisa, mama mmoja mnene mpole aitwaye Mwikali, akihema kwa sababu ya ngazi, faili kwapani.

"Pole sana, mama," alimwambia Maisara. "Nitakueleza ukweli ili usinilaumu. Kampuni imeniletea karatasi ya kuzika: moyo kusimama. Imeniletea tangazo la redio: kuugua kwa muda mfupi. Na risiti ya tangazo hilo ina sahihi ya familia."

Kamaludin, aliyekuwa akishona pembeni, alisimamisha sindano.

"Ninayo na maneno ya Kazungu. Lakini ni kibarua aliyeachishwa, watasema ana kinyongo. Video watasema ni ya kutengenezwa. Kuna njia ya kumfukua marehemu kwa amri ya mahakama, achunguzwe."

Nyumba nzima ilisema "Astaghfirullah" kwa pamoja.

"Nilijua," alisema Mwikali. "Basi imebaki familia. Mke na mama mzazi, wote wawili, mseme kwa kauli moja kwamba alitoka hapa mzima. Mkisema hivyo, faili inakwenda mbele. Watoto watapata haki yao, na itaandikwa alivyokufa. Mkitofautiana, mimi sina la kufanya."

Maisara alisema lake kwa dakika tano, bila kulia. Mwikali akaandika, akamsomea, Maisara akatia sahihi. Kisha afisa akamgeukia Bi Swabaha.

"Nawe, bibi. Asubuhi ile mwanao alikuwaje?"

"Alikuwa mgonjwa," alisema Bi Swabaha.

"Mama!"

"Niache. Mimi ndiye niliyemzaa. Mizani walimtaja mwanangu, wakamtaja babake, wakamtaja babuye Mbarak, ambaye hata kaburi lake halina jina. Mimi nikatajwa, binti Omar, mji mzima ukasikia. Mambo hayo hayakuwahi kutufika. Sasa wataka niseme walidanganya? Wakiwa wamedanganya kuugua, basi na majina walidanganya? Na watu wote wale walikuja kuzika uongo?"

"Majina ni kweli, mama," alisema Maisara. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mama mkwe wake, ameishika mikono yake. "Majina ni kweli na watu ni kweli. Neno moja tu ndilo si kweli. Kumbuka mwenyewe. Magoti yako yaliuma, ukataka kwenda kwa dadako hapo chini. Fahmi alikubeba mgongoni. Ngazi zote hizi, mama, akakushusha huku akikuchekesha. Mtu mgonjwa angekubeba?"

Mwikali aliinua kalamu, akangoja. Kwa muda kidogo uso wa bibi ulilegea, na ikaonekana wazi kwamba alikuwa ameirudia asubuhi ile, yuko mgongoni kwa mwanawe, mikono imemzunguka shingo.

"Ndiyo," alisema. "Alinibeba."

"Alhamdulillahi. Mwambie, mama."

"Alinibeba," Bi Swabaha alisema tena, na machozi yakaanza kumtoka, machozi ya kweli. "Nami nilimhisi mwili wake wa moto. Alikuwa akitetemeka, maskini mwanangu, mpaka nikaogopa tutaanguka."

Hakuwa anasema uongo. Alikuwa anakumbuka. Maisara aliiachilia mikono yake, akarudi nyuma ya pazia.

Mwikali aliandika: mwili wa moto, kutetemeka. Akamsomea bibi, akamuuliza kama ndivyo. Akafungua kidau cha wino. Bi Swabaha hakutaka kusaidiwa. Alichovya kidole gumba mwenyewe, akakikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu zake zote, asije mtu akasema hakumjua mwanawe.